Diwani Mwenye Diwani

Mwenyekiti, walimu wangu, ndugu wanafunzi, habari za jioni.

Mtamkieni mtu wa mtaani neno "diwani": atamkumbuka yule anayefuatwa mtaro ukiziba. Mtamkieni mshairi: atawaza kitabu cha mashairi. Neno ni hilo hilo. Limetoka Uajemi, na maana yake ya kale ni daftari. La hesabu za dola, la mashairi, hata likawa jina la baraza lenyewe. Hapa kwetu yupo aliyezibeba maana zote mbili, Sheikh Kaluta Amri Abedi.

Alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Akawa mhubiri wa Ahmadiyya, jumuiya ya Kiislamu, akashiriki kazi ya tafsiri ya Kurani Tukufu kwa Kiswahili iliyotoka 1953. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, na diwani yake humo humo. Mwanafunzi anayehesabu mizani, yaani silabi za mshororo, kwa vidole, nane kwa nane, anapita njia aliyoifyeka Amri. (Wale wa mashairi huru, yasiyofuata vina wala mizani, msininunie, ugomvi huo una jioni yake.)

Mwaka 1960 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam. Tukimsimulia, hapo ndipo tunapokimbilia, kwenye joho na mkufu. Mimi naomba tukae kidogo kwenye udiwani, maana meya hapigiwi kura na mji mzima; madiwani humchagua mwenzao. Na mji ulikuwaje? Wakoloni walikuwa wameukata vipande: Wazungu Oysterbay, Wahindi katikati ya mji, Waafrika Kariakoo na Ilala. Mtu wa namna gani angeweza kusimama mbele ya baraza la mji kama huo?

Jibu langu ni kwamba alifaa mtu wa maneno. Diwani hana polisi wala hazina. Leo ataongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata, atapeleka shida za watu wake barazani, lakini hawezi kujenga hata kalvati kwa amri yake mwenyewe. Silaha yake ni kusema mpaka wenzake wakubali, fungu likiwa dogo na kata zote zikilitaka. Mtunzi wa tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, anayajua hayo: mshororo una mizani kumi na sita, ya kumi na saba haiombwi kwa mtu. Lisiloingia, unalipanga upya.

Mengine yalikwenda mbio. Alikuwa Waziri wa Sheria, kisha akapewa Maendeleo na Utamaduni. Oktoba 1964 akafariki akiwa Ujerumani, umri miaka arobaini tu. Arusha uwanja wa mpira una jina lake, na nina hakika wengi wanaokata tiketi pale hawajui kwamba ni la mshairi.

Aliye na swali anyanyue mkono. Na wewe wa mashairi huru, pale nyuma, nimekuona.