Redio za Maikrowevu zenye Leseni: Kwa Nini Njia Itangulie Bidhaa

Mwenyekiti wa kikao, mabibi na mabwana, nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nieleze namna mtoa huduma wa intaneti isiyo na waya anavyopaswa kuchagua redio za maikrowevu zinazotumia masafa yenye leseni, yaani zile zinazobeba data yote ya mnara na kuifikisha penye faiba. Swali ninaloulizwa kwanza karibu kila mara ni hili: tununue za kampuni gani? Jibu langu huwaudhi wengi, kwa sababu mimi huliweka jina la kampuni mwisho kabisa. Kabla ya muuzaji yeyote kuitwa, mambo matatu yameshaamua sehemu kubwa ya uchaguzi: urefu wa njia kati ya minara miwili, mvua inayonyesha juu ya njia hiyo, na masafa ambayo mamlaka ya udhibiti iko tayari kuyatoa.

Nianze na leseni yenyewe, maana wapo wanaoilipia bila kujua wanachonunua. Katika bendi ya GHz 5 isiyo na leseni (GHz, yaani gigahezi, ni kipimo cha masafa), jirani anaweza kufunga redio yake kesho asubuhi na kuiharibu njia yako, na huna pa kushtaki. Leseni ya njia moja kwa kawaida inakupa chaneli maalumu, kati ya nukta mbili maalumu, kwa nguvu na antena zilizotajwa, baada ya hesabu kufanywa kwamba hutamwingilia aliyekutangulia wala yeye hatakuingilia. Ndiyo kusema antena imo ndani ya leseni. Ukibadilisha dishi la sentimita 120 kwa la sentimita 60 kwa sababu fundi alilikuta ghalani, umetoka nje ya kibali chako hata kama redio ni ile ile. Hali hubadilika pia kutoka nchi hadi nchi. Marekani, kwa mfano, iliifungua bendi ya GHz 6 mwaka 2020 kwa vifaa visivyo na leseni, na wenye viungo vya maikrowevu, yaani jozi za redio zinazounganisha minara miwili, katika bendi hiyo wakapata majirani wapya, na kinga yao dhidi ya majirani hao ikawa kanuni tu. Kwa hiyo soma masharti ya bendi kabla ya kuipenda.

Sasa tuje kwenye mvua, nami nitakaa hapa kwa muda kwa sababu ndipo fedha nyingi hupotea. Chini ya GHz 10 hivi, adui mkuu wa kiungo kirefu ni tabaka za hewa zinazolipinda wimbi na kulifikisha kwa njia zaidi ya moja, hasa juu ya maji na tambarare zenye joto. Dawa yake ni mnara wenye urefu wa kutosha na, pale inapobidi, antena ya pili iliyofungwa mita kadhaa chini ya ile ya kwanza. Juu ya hapo, mvua ndiyo inayotawala. Mbinu za kukokotoa zimewekwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, katika mapendekezo yake P.838 na P.530. Kwa mvua ya milimita 100 kwa saa, wimbi la mlalo, yaani linalotikisika kwa ulalo badala ya wima, hupoteza takriban desibeli 1 (kipimo cha kupungua au kuongezeka kwa nguvu ya ishara) kwa kila kilomita katika GHz 6, karibu 5 katika GHz 11, kama 10 katika GHz 18, na 14 hivi katika GHz 23. Ukifika GHz 80, hasara inakuwa desibeli 30 kwa kilomita moja. Wimbi la wima huumia kidogo kuliko la mlalo, na ndiyo maana mpangaji makini huomba mkao wa wima kwanza kwenye njia ndefu.

Tutazame mfano mmoja kwa ukamilifu. Tuseme njia ni ya kilomita 10, masafa ni GHz 18, chaneli ina upana wa MHz 56, na kila upande una antena ya sentimita 60. Hata siku ya anga safi kabisa, wimbi hupoteza takriban desibeli 138 kati ya mnara na mnara. Kila antena huongeza karibu desibeli 38 na nusu. Redio ikitoa dBm 18 (nguvu kwa desibeli zinazohesabiwa kutoka miliwati moja) katika modulesheni, yaani namna ya kupakia biti kwenye wimbi, ya QAM 4096, upande wa pili utapokea kama dBm −43. Modulesheni hiyo inahitaji karibu dBm −53 ili isomeke bila makosa, hivyo akiba iliyobaki ni desibeli 10. Kilomita moja tu ya mvua niliyoitaja inaimaliza. Redio za kisasa hazikatiki hapo. Hushuka ngazi kwa ngazi zenyewe, hadi QPSK, ngazi ya chini inayobeba biti chache lakini inayosomeka hata ishara ikiwa dhaifu, ambako redio inaweza kutoa nguvu zaidi, tuseme dBm 24, na kusikia hadi dBm −84. Akiba sasa ni desibeli 47 hivi, na kiungo kitavuka kilomita nne na zaidi za mvua ile ile. Lakini kilichokuwa kinabeba Mbps 500 na ushee sasa kinabeba 80.

Hapo ndipo ninapotaka mhandisi asimame na kuuliza swali tofauti na lile la muuzaji. Muuzaji anauliza: unataka kasi gani? Mhandisi anapaswa kuuliza: wakati wa masika, saa mbili usiku, wateja wote wakiwa nyumbani, kiungo hiki kitabeba kiasi gani? Upatikanaji wa asilimia 99.99 unaruhusu dakika 53 hivi za kukatika kwa mwaka, na wa asilimia 99.9 unaruhusu karibu saa tisa. Kiungo kimoja kina majibu yote mawili kwa wakati mmoja: kinaweza kuwa na 99.99 katika QPSK na 99.9 au chini yake katika QAM 4096. Ukipewa namba moja tu ya upatikanaji bila kutajiwa modulesheni yake, hujapewa kitu. Dai jedwali linaloonyesha uwezo kwa kila ngazi pamoja na asilimia yake ya mwaka, lililokokotolewa kwa mvua ya eneo lako na si kwa mvua ya kiwandani.

Turudi kwenye ule mfano. Ukiweka antena za sentimita 120 pande zote mbili, unaongeza desibeli 12, na akiba ya QAM 4096 inapanda kutoka 10 hadi 22. Hakuna redio sokoni itakayokupa desibeli 12 kwa bei ya madishi mawili. Gharama yake iko kwingine: eneo linalopigwa na upepo linakuwa mara nne, kwa hiyo mwenye mnara lazima aulizwe, na kodi ya mnara mara nyingi hufuata ukubwa wa dishi. Kuhamia GHz 11 nako kunapunguza hasara ya mvua kwa nusu, endapo chaneli zipo, na katika miji mikubwa mara nyingi hazipo.

Baada ya hesabu hiyo, karatasi ya vipimo ya redio inasomeka kwa macho mengine. QAM 4096 ikilinganishwa na QAM 2048 inaongeza biti moja juu ya 11, yaani asilimia 9 tu ya uwezo, na inadai ishara yenye nguvu ya desibeli 3 zaidi, huku redio nyingi zikipunguza nguvu ya kutoa katika ngazi hiyo. Simchukii anayeitangaza, ninachosema ni kwamba isiwe sababu ya kulipa bei ya juu. Jambo lenye uzito zaidi ni kutumia mkao wa wima na wa mlalo kwa pamoja kwenye chaneli moja, kwa mfumo wa kufuta mwingiliano kati yao unaoitwa XPIC. Huo unazidisha uwezo mara mbili bila kuongeza upana wa chaneli. Hakikisha tu kwamba leseni yako inaruhusu mikao yote miwili na kwamba ada yake haijazidishwa mara mbili pia.

Kasi iliyoandikwa kwenye karatasi hiyo nayo ina hila zake. Wengine hujumlisha kwenda na kurudi, na kiungo cha Mbps 500 kinaitwa cha gigabiti moja. Wengine hupima kwa fremu, yaani vifurushi vya data, ndogo za baiti 64. Katika waya wa Etheneti, kila fremu hufuatana na baiti 20 za utangulizi na nafasi tupu, ambazo redio haina haja ya kuzisafirisha. Wakizihesabu kana kwamba zimesafirishwa, namba inapanda kwa asilimia 31 bila biti moja ya mteja kuongezeka. Kwa fremu za baiti 1518, zinazofanana zaidi na mtu anayetazama video, nyongeza hiyo haifiki asilimia moja na nusu. Ubanaji wa vichwa vya pakiti unapendelea fremu ndogo vivyo hivyo. Omba kipimo cha fremu kubwa, upande mmoja, ubanaji ukiwa umezimwa. Kisha uliza ni kiasi gani cha uwezo huo kimefungwa kwa ufunguo wa programu unaonunuliwa kando, maana wapo watu walionunua redio ya gigabiti moja wakafungua boksi na kukuta Mbps 100.

Nimeulizwa kabla ya kikao kuhusu GHz 80. Kwa njia ya kilomita mbili au tatu ni chaguo zuri sana: chaneli ni pana mno, Gbps 10 inawezekana, na katika nchi kadhaa leseni yake ni nyepesi na nafuu. Kwa njia ndefu zaidi ningeifunga sambamba na redio ya GHz 11 au 18, ili mvua ikiizima ya juu, ya chini ibebe data iliyo muhimu. Hilo linahitaji ruta zinazojua kutanguliza aina moja ya data kuliko nyingine, na linahitaji mnara usioyumba, kwa sababu mwale wa dishi la sentimita 60 katika GHz 80 hauzidi nusu nyuzi.

Kuhusu umbo la redio sitakawia. Redio iliyo yote nje, juu ya mnara, inaokoa nafasi na umeme na inafaa kwa minara midogo isiyo na chumba. Iliyogawanywa, sehemu ya ndani na ya nje, inamwezesha fundi kubadilisha nusu ya mtambo bila kupanda. Kama fundi wako wa kupanda yuko mbali, tofauti hiyo ni kubwa kuliko vipimo vyote vya karatasi.

Vipuri ndivyo husahaulika. Redio ya maikrowevu haifanyi kazi katika bendi nzima: ina kichujio cha sehemu ndogo ya bendi, na upande mmoja wa kiungo hutuma katika masafa ya juu huku mwingine ukituma ya chini. Redio ya akiba ya upande wa juu haiwezi kuziba pengo la upande wa chini. Mwenye viungo sita katika sehemu sita tofauti anahitaji vipuri 12 ili awe salama, ilhali aliyeziomba chaneli zake kwa mpango, zikaangukia sehemu moja ya bendi, anahitaji viwili. Kwa hiyo orodha ya vipuri iandikwe kabla ya maombi ya leseni, si baada ya redio kufika.

Siku ya kukabidhiwa kiungo, linganisha nguvu inayopokelewa na ile iliyokokotolewa. Tofauti ya desibeli 2 au 3 inavumilika. Ikiwa pungufu kwa 20, huenda antena imeelekezwa kwa mwale wa pembeni badala ya ule mkuu, na kiungo kitaonekana kizima hadi mvua ya kwanza. Fundi apande tena, azungushe dishi kupita kilele pande zote mbili, kwa usawa na kwa wima, na namba ya mwisho iandikwe kwenye hati ya makabidhiano kabla ya malipo kutolewa. Sasa niko tayari kwa maswali.