Kuba ya Kimya: Mhadhara kuhusu Majasusi wa Get Smart

Mabibi na mabwana, naomba nianze na kuba mbili za plastiki inayopenya mwanga, zilizounganishwa kwa mrija, ambazo hushuka taratibu kutoka darini hadi zikawafunika watu wawili waliokaa wakitazamana mezani. Mmoja ni Mkuu wa idara ya ujasusi. Mwingine ni Maxwell Smart, Jasusi namba 86, na ni yeye aliyeng'ang'ania kwamba mazungumzo yao yafanyike humo, kwa sababu kanuni za idara zinataka hivyo. Mkuu anasema neno, Smart hasikii. Smart anapaza sauti. Mkuu haambulii kitu. Wanarudia, wanapigiana kelele, na yupo hata wakati ambapo mtu aliyesimama nje huwasikia vizuri kuliko wao wanavyosikilizana.

Chombo hicho huitwa Kuba ya Kimya, nami ninaamini kwamba ndani yake ndimo ulimo moyo wa tamthilia nzima ya Get Smart, tamthilia ya vichekesho ya runinga. Mel Brooks na Buck Henry, walioibuni, hawakuridhika na kumcheka mtu mmoja mjinga. Walikuwa wanaonyesha jinsi ulinzi wa siri unavyoweza kukua hadi ukaimeza kazi yenyewe, mpaka wenye siri wakashindwa kuambiana.

Tamthilia hiyo ilianza kuonyeshwa nchini Marekani na NBC tarehe 18 Septemba 1965, katikati ya Vita Baridi, wakati filamu za James Bond, zilizoanza mwaka 1962, zilipokuwa zimemfanya jasusi awe mtu asiyekosea wala kutoa jasho. Lakini watazamaji hao hao walikuwa wameshuhudia, mwezi Aprili 1961, uvamizi wa Ghuba ya Nguruwe huko Cuba, uliopangwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ukisambaratika kwa siku chache tu. Kabla ya NBC, kituo cha ABC kiliikataa tamthilia hii kwa hoja kwamba haikuwa ya Kimarekani. Hoja hiyo naichukulia kwa uzito, kwa kuwa inaonyesha jinsi lilivyokuwa jambo zito, wakati huo, kuwaonyesha walinzi wa taifa wakijikwaa.

Sasa tumtazame Smart mwenyewe, aliyeigizwa na Don Adams. Kosa kubwa la wanaomwiga ni kudhani kwamba anachekesha kwa kuwa hana akili. La hasha. Anachekesha kwa kuwa hana shaka. Simu yake imefichwa katika soli ya kiatu, na katika kipindi cha kwanza kabisa kiatu hicho kinalia katikati ya onyesho la muziki, watu wote wakiwa kimya. Naye anainuka na kutoka kwa heshima zote, kama mtu anayetimiza wajibu. Adams hakukonyeza wala hakucheka hata mara moja.

Ukakamavu huo unaonekana zaidi anapodanganya. Katika kipindi hicho hicho, akiwa mikononi mwa adui, anamwambia kwamba meli saba za walinzi wa pwani zinawazingira. Adui haamini. Je, ataamini sita? Haamini. Basi askari wawili katika mashua ya makasia? Sisi tuliokulia sokoni tunaijua vyema sauti hiyo: ni ya muuzaji anayeshusha bei huku mnunuzi akiondoka, ila hapa kinachopunguzwa ni uongo, na muuzaji hasononeki hata kidogo. Adams alikuwa ameutumia mtindo huo katika vichekesho vyake kabla ya 1965, na ndiyo maana unamtoka ulimini kwa wepesi wa kitu kilichozoeleka.

Ninalo lalamiko moja, nami nalitoa kwa mapenzi. Jasusi 99, aliyeigizwa na Barbara Feldon, ndiye anayeiona hatari mapema, na mara nyingi ndiye anayemwokoa mwenzake kisha akamwachia sifa. Waandishi waliijua thamani yake, kwani bila yeye Smart asingemaliza hata msimu mmoja akiwa hai. Hata hivyo walimpa maneno machache mno ya kwake mwenyewe. Feldon aliliziba pengo hilo kwa macho: mtazameni anapomsikiliza Smart akieleza mpango mbovu, jinsi anavyotulia kidogo kabla ya kukubali, na katika utulivu huo tayari ameshatafuta njia ya kutokea. Tamthilia ilidumu misimu mitano na vipindi 138, ikahamia CBS kwa msimu wa mwisho. Jasusi 99 aliolewa na Smart katika msimu wa nne, akajifungua mapacha katika wa tano, na hadi kipindi cha mwisho kiliporushwa mwaka 1970 watazamaji hawakuwa wameambiwa jina lake halisi.