Kito cha Zanzibar na Kata ya Asubuhi

Assalamu alaykum. Bi wakubwa, mabwana, na nyie vijana mliojibanza kule nyuma karibu na feni, ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumze juu ya mimea ya ndani ya nyumba, ile yenye majani manene inayoweka maji mwilini mwake. Nilikuwa bwana shamba kule Pemba miaka 31. Mikarafuu, mihogo, migomba, hizo ndizo zangu. Maua nilikuwa nayaona ni mambo ya wanawake na harusi. Nimeyaingia baada ya kustaafu, na nimeyaingia kwa kuua.

Mmea huu hapa mezani nimekuja nao kwenye daladala kutoka Fuoni, nimeupakata kama mtoto. Kondakta alitaka kunitoza nauli mbili. Najua wengi wenu mnao. Jina lake la kitaalamu ni Zamioculcas zamiifolia, ndiyo maana watu wa nje wameufupisha kwa herufi mbili, ZZ. Australia wao wanauita Kito cha Zanzibar. Sikilizeni vizuri: cha Zanzibar. Makao yake ya asili yanaanza Kenya, yanashuka Tanzania Bara pamoja na visiwa hivi, yanapita Malawi na Msumbiji mpaka kaskazini mashariki ya Afrika Kusini. Ni mwenyeji. Lakini muulize anayeuza umetoka wapi, atakwambia Uholanzi, na hajakosea sana. Vitalu vya Uholanzi ndivyo vilivyoanza kuuzalisha kwa wingi, karibu mwaka 1996, ukasambaa maofisini na mahotelini dunia nzima. Basi mwenyeji alisafiri, akakaa ughaibuni, akarudi na kikaratasi cha maelekezo kilichochomekwa kwenye udongo. Kikaratasi hicho ndicho kilichonileta mbele yenu leo.

Wangu wa kwanza niliuletewa na mwanangu. Kikaratasi kilisema maji mara moja kwa wiki mbili, na mimi mtu wa serikali, nikiona maandishi nafuata. Kila Ijumaa ya pili, baada ya sala, natia maji. Mke wangu hakusoma kikaratasi. Yeye ana kata yake: kila asubuhi akishamwagilia mwasumini na mrehani uwani, anapita ukumbini, anaumiminia na huu. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Ikaingia Masika. Majani ya chini yakaanza kugeuka manjano. Tukakaa kikao, tukakubaliana kwamba una kiu. Tukaongeza.

Siku moja nimeshika kuti moja nilielekeze upande wa dirisha, likanijia mkononi. Sikulivuta. Mwisho wake umelainika kama ndizi iliyosahaulika mfukoni. Nikatandika gazeti, nikaupindua mmea mzima juu yake. Harufu iliyotoka wakulima wanaijua, ni ya muhogo ulioozea majini. Kiazi chake kikiwa kizima huwa kigumu, na ukikikata ndani ni kama mbatata. Hiki kilikuwa uji wa kahawia, kisu kikazama kwa uzito wake mwenyewe. Nikatazama lile kopo la nje, lile la kupendezesha ambalo halina tundu: maji vidole vitatu. Miezi yote hiyo mmea ulikuwa umekaa kisimani, na sisi juu yake tunashauriana habari za kiu.

Sasa tazameni mmea wenyewe, maana ukiujua mwili wake hutahitaji kikaratasi. Hiki kinachosimama mnakidhani shina. Si shina, ni jani. Lote hili, toka chini mpaka ncha, ni jani moja, kama kuti la mnazi: uti katikati na vijani pande mbili. Shina lenyewe limelala chini ya udongo, ndiyo kile kiazi. Walioupima wamekuta vijani vina maji asilimia 91 na hivi vikonyo vinene asilimia 95. Tikiti maji lenyewe liko hapo hapo. Kwa hiyo ukisimama mbele yake na kata mkononi, ujue unamtilia maji mtungi uliojaa.

Na kuna jingine. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba mmea huu unaweza kupumua kwa njia ya nanasi na mkonge. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana ikavuta hewa ya ukaa, na maji yakatoka kwa vitundu hivyo hivyo. Huu, hasa ukishikwa na ukavu, hufungua usiku wakati kuna baridi kidogo, ukaivuta ile hewa na kuiweka akiba kama asidi, na jua likitoka unajifungia na kutumia akiba yake. Kama watu wa Mji Mkongwe saa saba mchana wakati wa Kaskazi: madirisha yamefungwa, hakuna anayetoka, lakini ndani chakula kinapikwa.

Sasa kikaratasi kiliandikiwa nani? Kiliandikiwa mtu wa Ulaya ambaye nyumba yake inapashwa moto wakati wa baridi mpaka midomo inapasuka. Kule udongo unakauka. Hapa kwetu mwezi wa Aprili chumvi inalowa ndani ya kopo lake na viatu vya ngozi vinaota ukungu kabatini. Pemba, ambako mvua ni nyingi zaidi, ndiyo usiseme. Mimi kalenda nimeitupa, naangalia kanzu. Kama kanzu iliyoanikwa asubuhi bado ina unyevu kwenye mishono ikifika jioni, mmea wangu haupati hata tone. Masika mazima, Machi mpaka Mei, naweza kutia maji mara moja au nisitie kabisa. Vuli natazama. Kaskazi ikikaza, Januari na Februari, kanzu inakauka kabla hujamaliza kahawa; hapo natia kila baada ya wiki tatu hivi.

Na kabla ya kutia, chukua chelewa moja kwenye ufagio. Usichukue ya ufagio mpya, mtagombana nyumbani. Ichomeke pembeni mwa chungu mpaka igote chini, hesabu mpaka mia, ichomoe. Ikitoka na udongo umegandia, au ukiigusisha mdomoni ikawa ya baridi, rudisha kata ndooni. Kidole hakitoshi, maana udongo wa juu hukauka siku ya pili na chini bado ni matope. Siku ya kutia, tia kwelikweli mpaka maji yatoke tunduni, uache yachuruzike yote ndipo ukirudishe chungu mahali pake. Huku kunyweshanyweshwa kidogo kila siku ndiko kunakouua.

Chungu, basi, kiwe na tundu. Cha udongo uliochomwa ndicho bora kwa hali yetu, kwani kinapumua kwa ubavuni. Wafinyanzi tunao, hakuna haja ya kuagiza. Udongo wa shamba mtupu ni mzito. Mimi nachanganya fungu moja la udongo, moja la kichanga na moja la usumba wa makumbi uliokatwakatwa na kuoshwa. Kichanga kisiwe cha pwani moja kwa moja, kina chumvi. Kikikaa nje kikapigwa na mvua za msimu mzima kinafaa. Mwanga ni rahisi: asili yake ni chini ya miti, kwa hiyo karibu na dirisha lisilopigwa jua la moja kwa moja. Ukiuweka kibarazani upande wa magharibi, majani yatababuka.

Niseme na hili la sumu, maana huko kwenye simu kuna maneno yanazunguka kwamba mmea huu unaleta saratani, ukiugusa tu kwisha. Ni uzushi. Ukweli wake uko jikoni kwenu. Mmea huu ni ukoo mmoja na jimbi. Jina lenyewe limebeba udugu huo: kile kipande cha "culcas" kimetokana na Kiarabu, kulkasi, ndilo jimbi. Mjerumani Adolf Engler alipolikamilisha jina mwaka 1905 aliliacha humo humo. Haya, nani hapa hajawahi kula jimbi ambalo halikuiva sawasawa? Lile washo la kooni linatokana na vichembe vya kalsiamu oksaleti, vidogo mno, vyenye ncha kama sindano. Humu navyo vimo. Mtoto akitafuna jani atawashwa mdomo na kulia, paka vilevile. Ni adha, na kwa mtoto mchanga si ya kupuuza, basi uwekwe asipofika. Ukikata, nawa mikono kabla ya kujifuta jicho. Kuna mtu humu ndani alisahau hilo, naye ndiye anayezungumza.

Wadudu hausumbuliwi sana. Ukiona vidung'ata, vile vyeupe kama pamba kwenye maungio, futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, rudia baada ya wiki, basi.

Dada amenyoosha mkono… Anauliza, anasafiri kwenda Maskati kwa dada yake miezi mitatu, nani atauangalia. Asiuangalie mtu! Jirani mwema ni hatari. Utie maji siku moja kabla ya safari, uusogeze mbali kidogo na dirisha, ufunge mlango. Ukirudi umekuta vijani vimedondoka na vikonyo vimebaki vitupu, usiutupe. Hivyo ndivyo unavyofanya porini ukame ukizidi: unaangusha vijani, unabaki na kiazi. Tia maji, subiri.

Na mzee hapa mbele anauliza shubiri. Shubiri sheria ya maji ni ile ile, ila yenyewe inataka jua, ukiifungia ukumbini inarefuka na kulegea. Iweke uwani, lakini wakati wa Masika iingize chini ya paa.

Nimalizie kwa kuzalisha, na hapa nitawaomba subira. Vile vijani vinavyodondoka porini havifi. Kila kimoja kinaweza kuwa mmea. Unakichuma kizima pamoja na kishina chake, unakiacha kivulini siku moja kidonda kikauke, halafu unakizamisha thuluthi yake kwenye kichanga chenye unyevu mdogo. Baada ya mwezi au miwili chini yake kinajitengeneza kiazi, mwanzo kama punje ya choroko. Jani jipya la juu linaweza kuchukua miezi sita, hata mwaka. Mjukuu wangu alipanda kumi na viwili. Kila Ijumaa akitoka chuoni anavichomoa kimoja kimoja kutazama kama vimeota, kisha anavirudisha. Vikafa tisa. Vilivyonusurika ni vitatu alivyovisahau nyuma ya tangi la maji alipopata homa. Huu niliokuja nao ni mmoja wao, sasa una miaka minne.

Mwenye haraka agawe kiazi: kisu kikali, kila kipande kiwe na kuti walau moja, paka majivu kwenye jeraha, acha siku mbili, panda, wala usitie maji wiki nzima. Kwa njia hizi mbili hakuna sababu ya mtu kwenda msituni kuung'oa wa porini. Kijani kimoja kutoka kwa jirani kinatosha.

Pale mlangoni pana sinia lenye vijani nilivyovichuma jana, vimeshakauka kidonda. Kila mtu achukue vitatu. Upande mwembamba wenye kishina ndio unaokwenda chini. Bi mkubwa, chako umekishika kichwa chini… hivyo, ndiyo. Na nyumbani mfiche yule mwenye kata.