Msamaha wa Kodi Ufuate Gunia la Mtama

Mabibi na mabwana, tuanze na hesabu. Kampuni ya kawaida nchini Kenya hulipa kodi ya asilimia 30 ya faida yake. Ikiwa ndani ya eneo maalumu la kiuchumi, kama lile la Naivasha, hulipa asilimia 10 kwa miaka 10 ya kwanza, kisha 15 kwa miaka 10 inayofuata. Tuseme kiwanda kinapata faida ya shilingi milioni 100 kwa mwaka: Hazina inaachilia milioni 20. Kikiwa na wafanyakazi 100, kila ajira inatugharimu shilingi 200,000 kwa mwaka. Na kama mwekezaji angekuja hata hivyo, akifuata reli na umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria, jirani na Naivasha, fedha hizo zimekwenda bure.

Tena msamaha wa aina hii haumfai anayeanza. Miaka ya mwanzo kiwanda huendeshwa kwa hasara, na asiye na faida hana kodi ya kusamehewa. Anayevuna ni mwenye kampuni mbili, moja ndani ya eneo, nyingine nje. Ya nje huiuzia ya ndani malighafi kwa shilingi 60 kilo, ilhali sokoni ni 90, na faida inahamia kule inakotozwa 10. Stakabadhi zote ziko sawa; mkaguzi asiyejua bei ya soko atapita tu.

Sasa tazameni bia ya kegi, ile ya bei nafuu inayouzwa kutoka kwenye mapipa. Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya 2015 inaruhusu nafuu ya ushuru kwa bia ya mtama, wimbi au muhogo uliolimwa Kenya. Hapo nafuu inafuata gunia: linapimwa ghalani, mkulima analipwa, na bila mtama wake hakuna nafuu. Bia hiyo ndiyo iliyorudisha kiwanda cha bia hapa Kisumu mwaka 2019. Msamaha wa namna hii nauunga mkono kwa moyo wote. Ila usichezewe: mwaka 2013 ulipopunguzwa kutoka asilimia 100 hadi 50, bei ilipanda, mauzo yakaporomoka, wakulima wakabaki na mtama usio na mnunuzi.

Kifungu cha 210 cha Katiba kinataka kila msamaha uwekwe kwenye rejista ya umma pamoja na sababu yake, na Mkaguzi Mkuu aarifiwe. Wawakilishi wadi, mkiombwa kusamehe kodi ya ardhi, daini mkataba unaotaja kilo zitakazonunuliwa, ajira na mwaka wa kukoma. Andikeni pia kwamba kampuni ikifunga na kufungua tena kwa jina jipya miaka haihesabiwi upya, na ikivunja ahadi italipa kodi yote iliyosamehewa, pamoja na riba.