Sadaharu Oh na Ustadi wa Kungoja

Walimu, wazazi, na ninyi vijana mliokuja na magongo yenu, habari za jioni.

Mmeniomba nizungumzie mchezaji mmoja wa besiboli. Nimemchagua Sadaharu Oh wa Japani, kwa sababu mbili. Kwanza, besiboli tunayoicheza hapa Dar es Salaam imetufikia kwa mikono ya Wajapani. Uwanja wa pale Shule ya Sekondari Azania ulijengwa kwa msaada wao, kwa hiyo mzee huyu kwetu ni kama babu wa ukoo. Sababu ya pili tutaikuta njiani.

Niwaonyeshe kwanza mahali alipokuwa akisimama. Mpigaji akigonga mpira ukatambaa chini, hutimka mbio kuiwahi besi ya kwanza, kile kituo cha kwanza anachopaswa kukigusa. Mlinzi aliyeuokota huurusha huko huko. Mpira ukitangulia, mpigaji katoka. Mguu ukitangulia, kasalimika. Basi kazi kubwa ya mlinzi wa besi ya kwanza ni kupokea. Wenzake humrushia mipira ya juu, ya chini, ya kombo, naye ainyooshee mkono yote huku wayo wake mmoja ukiwa umegusa besi. Fikirieni golikipa aliyefungwa mguu kwenye mlingoti. Mtu wa mkono wa kushoto hufaa sana hapo, kwa sababu glovu yake iko mkono wa kulia, upande ule ambako walinzi wenzake wote wamesimama. Oh alikuwa wa kushoto. Tangu ilipoanza mwaka 1972 tuzo ya glovu bora kwa kila nafasi, aliichukua ya besi ya kwanza kila mwaka hadi alipostaafu mwaka 1980. Mara 9 mfululizo. Nimeanza na hilo makusudi, maana watu wakitaja jina lake huhesabu mipira aliyoipiga tu, na ile aliyoidaka huisahau.

Alizaliwa Tokyo mwaka 1940. Baba yake alitoka China, jimbo la Zhejiang, akaoa Mjapani na kufungua mgahawa wa tambi. Sadaharu alikuwa pacha, na dada yake aliyezaliwa naye alifariki angali mdogo sana. Baba alikuwa na mpango wake: kaka mkubwa asomee udaktari, huyu mdogo asomee uinjinia, kisha wote wakaitumikie nchi ya baba yao. Kaka akawa daktari kweli. Mdogo akanaswa na besiboli.

Mwaka 1957 alikuwa mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira, wa shule ya sekondari ya Waseda Jitsugyo, na timu hiyo ikafika Koshien ya majira ya machipuko, mashindano ya besiboli ya shule za sekondari za Japani. Nadhani ninyi mnalijua jina la Koshien kuliko mimi. Vidole vya mkono wake wa kushoto vilitoka malengelenge, yakapasuka, akaendelea kurusha mpira uliopakaa damu hadi wakatwaa ubingwa. Vuli ya mwaka huo huo yakaja mashindano ya michezo ya taifa. Kanuni zilisema ni kwa raia wa Japani tu. Yeye, kwa kufuata uraia wa baba, hakuwa raia. Kijana aliyeiletea shule ubingwa akazuiwa kucheza kwa sababu ya karatasi. Naomba mlikumbuke hilo, maana nitalirudia.

Mwaka 1959 akasajiliwa na Yomiuri Giants, klabu kubwa kuliko zote Japani. Walimu wakaamua urushaji wake hautoshi, wakampeleka besi ya kwanza ili wapate kulitumia gongo lake. Na gongo likagoma! Mara 26 za kwanza alizohesabiwa kupiga hakupata kitu. Ya 27 ikawa hom rani, mpira ukaruka ukuta, lakini msimu ulikwisha akiwa na hom rani 7 tu na ametolewa mara 72 kwa kuukosa mpira. Jina Oh maana yake ni mfalme. Mashabiki wakamtungia kibwagizo, wakamwita mfalme wa kutolewa bila kugusa mpira. Hao walikuwa mashabiki wa timu yake mwenyewe, na yeye alikuwa na miaka 19.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Mwaka 1962 klabu ikamleta Hiroshi Arakawa awe mwalimu wa upigaji. Huyu hakuwa mgeni kwa Oh. Miaka ya nyuma alimkuta akicheza uwanjani mtaani, mtoto wa kushoto anayepiga kwa kulia kama alivyofundishwa, akamwambia ageuke. Sasa amemkuta tena na ugonjwa mwingine: Oh alikuwa na haraka. Mwili wake ulitangulia mbele kabla mpira haujafika, na gongo likibaki nyuma likimfuata.

Arakawa alikuwa mtu wa aikido, sanaa ya kujihami ya Kijapani. Akamwambia anyanyue mguu wa mbele, asimame kwa mmoja. Tarehe 1 Julai 1962, Kawasaki, dhidi ya Taiyo Whales, akasimama hivyo kwa mara ya kwanza katika mechi, na siku hiyo akapiga hom rani.

Vijana, simameni kidogo. Nyanyueni mguu wa kulia, goti lije kiunoni, mikono kama mmeshika gongo. Msishike kiti. Mnaona? Huwezi kukimbilia mbele. Ukikimbilia, unaanguka. Mguu ule ulimlazimisha abaki pale pale hadi mpira uje wenyewe. Asanteni, kaeni. Nimewaona waliodanganya.

Hapa ndipo ilipo sababu yangu ya pili. Watu wengi hudhani aliyepiga hom rani nyingi kuliko wote lazima alikuwa jitu la misuli. Hakuwa. Alikuwa fundi wa kungoja. Usiku alikuwa akienda nyumbani kwa Arakawa, anapewa upanga wa kweli, kipande cha karatasi kinaning'inizwa kutoka darini, naye anakikata. Jaribuni nyumbani, lakini kwa fimbo, siyo kwa panga la mama. Karatasi huyumba kwa upepo wa upanga wenyewe. Ukiifuata kwa pupa inakukwepa. Mkeka wa tatami waliofanyia mazoezi ulilika kwa msuguano wa nyayo zake. Wajapani wana neno, *ma*, la ile nafasi na muda ulio kati yako na mwenzako. Arakawa alimfundisha kwamba ile nafasi kati ya mrushaji na mpigaji ni yake kuimiliki.

Msimu ule aliumaliza na hom rani 38, akaongoza ligi. Akaongoza kila mwaka hadi 1974, miaka 13 bila kukatika. Mwaka 1964 alipiga 55, nne kati ya hizo katika mechi moja. Hiroshima Carp wakaona bora walinzi wao sita wahamie upande wa kulia, alikopenda kupiga, na upande wa pili ubaki karibu mtupu. Hakuupeleka mpira kule palipoachwa wazi. Aliupitisha mpira juu ya vichwa vyao. Naye mwenzake Shigeo Nagashima akiwa besi ya tatu, Oh besi ya kwanza, Giants wakachukua ubingwa wa Japani miaka 9 mfululizo, 1965 hadi 1973.

Tarehe 3 Septemba 1977 alipiga hom rani ya 756 ya maisha yake ya uchezaji, akampita Hank Aaron, bingwa wa hom rani wa Marekani. Akawaita baba na mama yake waingie uwanjani, akawakabidhi wao zawadi aliyopewa. Alistaafu mwaka 1980 akiwa na 868. Mwaka ule wa mwisho alikuwa bado amepiga 30, ambazo wengine wangezifanyia sherehe, lakini akasema hawezi tena kupiga kama Sadaharu Oh. Ila kuna hesabu ninayoipenda zaidi: mara 2,390 alipewa besi bure, kwa sababu warushaji walimtupia mipira mibaya naye akakataa kuigusa.

Ukocha wake nitaupitia haraka. Akiwa na Hawks wa Fukuoka alipoteza sana mwanzoni, hadi mwaka 1996 mashabiki wakalipiga basi la timu mayai. Mwaka 1999 akawapa ubingwa. Machi 2006 aliiongoza Japani kuifunga Kuba 10 kwa 6 na kutwaa World Baseball Classic ya kwanza, mashindano ya dunia ya timu za taifa. Miezi minne baadaye akafanyiwa upasuaji wa saratani, tumbo la chakula likatolewa lote, na mwaka uliofuata alikuwa amerudi benchi.

Lakini siwezi kuondoka bila kusema hili. Mwaka 2001 Tuffy Rhodes, Mmarekani wa Kintetsu Buffaloes, alifikisha hom rani 55, sawa na rekodi ya Oh ya msimu mmoja. Zikabaki mechi chache, mojawapo dhidi ya Hawks, timu iliyoongozwa na Oh mwenyewe. Warushaji wa Hawks hawakumpa mpira wa kupiga. Kocha mmoja wa timu alikiri kwamba hawakutaka mgeni aivunje rekodi ile. Oh hakuonekana kutoa amri hiyo, wala sitamzulia. Ila hakuizuia, na mimi hilo huniuma kila nikilifikiria, kwa sababu ya yule mvulana wa 1957 aliyeachwa nje kwa ajili ya uraia. Hakuna mtu uwanjani pale aliyepaswa kulijua jambo lile kuliko yeye.

Rekodi ikasubiri hadi 2013, Wladimir Balentien wa Curaçao alipopiga 60. Zile 868 bado hakuna mchezaji wa ligi kuu yoyote aliyezifikia.

Haya, tutoke nje kabla giza halijaingia. Nimeomba kamba na karatasi, vimefungwa kwenye ule mwembe. Wa mkono wa kushoto waanze.