Mbaruk wa Gazi na vita vya Pwani vya 1895

BAKARI: Asalaam aleikum, karibuni kipindini. Leo tuko Gazi, kusini mwa Mombasa, kwa Sheikh Mbaruk bin Rashid Mazrui. Da Mwanaisha, shuleni nilifundishwa Mau Mau, nikafundishwa Koitalel na Mekatilili. Huyu sikumsikia hata siku moja.

MWANAISHA: Waaleikum salaam, kaka Bakari. Hukuwa peke yako, na jambo hili linaniuma. Vitabu vinatuambia Pwani ilichukuliwa kwa mikataba: Sultani wa Unguja akatia saini, Mwingereza akaingia, yakaisha. Hayakuisha hivyo. Pwani ilipiganiwa karibu mwaka mzima, mpaka Waingereza wakaagiza askari kutoka India.

BAKARI: Chanzo kilikuwa nini?

MWANAISHA: Kiti cha Takaungu, mji wa pwani kaskazini mwa Mombasa. Wamazrui walikuwa watawala wa Mombasa mpaka 1837, Seyyid Said, Sultani wa Omani na Unguja, alipowatoa. Wakagawanyika, wengine Takaungu, wengine Gazi. Mwanzoni mwa 1895 akafariki Salim bin Khamis, mkubwa wa Takaungu. Aliyestahili kushika nafasi yake kwa umri na kwa nasaba alikuwa Mbaruk bin Rashid.

BAKARI: Huyu wetu wa Gazi?

MWANAISHA: La, majina yamegongana. Huyo ni Mbaruk wa Takaungu. Wa Gazi ni jamaa yake. Sasa, Kampuni ya IBEA, kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, ndiyo iliyokuwa ikisimamia ule ukanda wa pwani wa maili 10 kwa jina la Sultani. Ikamtaka Rashid bin Salim, kijana wa marehemu, kwa sababu alikuwa akielewana nao. Wakamkalisha yeye. Mbaruk wa Takaungu na nduguye Aziz wakagoma, wakapigwa, wakakimbilia Gazi kwa mzee.

BAKARI: Na mzee alikuwa na ugomvi na Kampuni?

MWANAISHA: Na masultani, ndiyo, tena wa miaka mingi. Lakini Kampuni ilikuwa ikimpa posho, na walikuwa wakisikilizana. Hapo ndipo mimi husimama kila nikiisoma habari hii. Alikuwa mtu mzima, ana mji wake, ana posho yake. Akaambiwa awatoe jamaa zake waliokuja kujihifadhi kwake. Angewatoa, angekufa kitandani kwake Gazi. Hakuwatoa.

BAKARI: Damu nzito.

MWANAISHA: Damu, na pia alikwisha kuona mambo yanakoelekea. Mgeni akishaamua nani akae Takaungu, kesho ataamua nani akae Gazi. Tarehe 1 Julai 1895 Kampuni ikaondoka, serikali ya Uingereza yenyewe ikatangaza himaya yake. Mkubwa wao alikuwa Arthur Hardinge. Mwezi huohuo majeshi yakaenda Gazi, wakakuta Sheikh Mbaruk ameshahamia Mwele.

BAKARI: Mwele ni wapi hasa?

MWANAISHA: Ndani, nyuma ya Gazi, kilimani msituni. Ni boma la magogo yaliyosimamishwa, limezungukwa na kichaka kizito. Mnamo 1882 Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi la Sultani, alikuja kulizingira kwa amri ya Sultani Barghash, na Mbaruk akatoka salama. Kwa hiyo alikuwa na sababu ya kuliamini. Safari hii alikuja Admirali Rawson na mabaharia wa manowari. Tarehe 17 Agosti wakaliingia boma, wakalichoma. Mbaruk hawakumpata.

BAKARI: Rawson huyuhuyu wa Unguja?

MWANAISHA: Huyuhuyu. Agosti 1896 alipiga mizinga jumba la Sultani Unguja, na 1897 akaongoza jeshi lililoiangamiza Benin. Mwele ilitangulia.

BAKARI: Boma limechomwa, mtu yuko nyikani. Wengine si wangesalimu amri?

MWANAISHA: Ndipo moto ulipowaka. Wakaacha kupigania boma, wakawa wanapiga na kupotea, kusini mpaka Vanga, kaskazini mpaka pande za Malindi kwa Aziz. Na Hamis bin Kombo wa Mtwapa akaingia. Huyu hakuwa Mazrui, alikuwa mkubwa wa Waswahili. Kwa hiyo mtu akikwambia ulikuwa ugomvi wa ukoo mmoja, muulize Hamis bin Kombo alikuwa akitafuta nini.

BAKARI: Dada, lazima niulize. Wamazrui walikuwa na watumwa.

MWANAISHA: Walikuwa nao, na mashamba yao yalilimwa na watumwa. Misheni za Rabai na Freretown zilikuwa zikipokea waliotoroka, na wapiganaji walizitishia sehemu hizo. Mtu aliyetoroka shamba la Mazrui akapata hifadhi Rabai hakumuona Mbaruk kuwa mkombozi, na alikuwa na haki. Sitaki tumfiche mtu huyo ili tupate shujaa msafi.

BAKARI: Basi kwa nini tumkumbuke?

MWANAISHA: Kwa sababu alimkatalia Mwingereza alipokuwa na kila sababu ya kukubali, na maelfu ya watu waliishi ndani ya vita hivyo. Nadhani ndiyo maana alisahauliwa. Kwa Kenya mpya alikuwa Mwarabu mwenye watumwa. Kwa Unguja alikuwa muasi wa masultani. Hakuwa na wa kumsimulia.

BAKARI: Mwisho ukawaje?

MWANAISHA: Askari wa India walipofika mwanzoni mwa 1896, njia zikaziba. Aprili akavuka mpaka kuingia Afrika Mashariki ya Kijerumani na watu zaidi ya 1,000, wake kwa watoto, akajisalimisha kwa Wajerumani, kwa Gavana Wissmann. Akahamishiwa Dar es Salaam, akafia huko 1910.

BAKARI: Na Khalid bin Barghash, yule aliyejitangaza Sultani wa Unguja, naye si alipelekwa Dar es Salaam?

MWANAISHA: Mwaka huohuo wa 1896, baada ya jumba lake kupigwa mizinga. Wote wawili, maadui wa jadi kwa nasaba, Mazrui na Busaidi, ukoo wa masultani wa Unguja, wakawa wakimbizi katika mji mmoja, kwa sababu ya admirali mmoja.

BAKARI: Kipindi kijacho tunamfuata Khalid. Mlio Gazi, Takaungu na Mtwapa, kama nyumbani kuna mzee aliyesikia habari hizi kwa babu yake, mrekodini kwa simu mtuletee. Tutazisikiliza zote.