Swali la Kituoni: Tumuulize Mtu Habari za Ulemavu Wake?

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, mabibi na mabwana, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa dogo: je, mtu asiyekujua ana ruhusa ya kukuuliza habari za ulemavu wako? Jibu langu ni kwamba hana, isipokuwa pale ambapo jibu litamwezesha kutenda jambo la kukufaa wewe unayeulizwa, na hata hapo aulize lile analolihitaji tu.

Tuanzie hapa hapa Tanga, kwenye kituo cha daladala Ngamiani, saa za asubuhi. Sisi tunaotembelea magongo tunayajua maswali yake kwa mpangilio: "Ulizaliwa hivyo?" "Ilikuwa ajali?" Kisha sauti inateremshwa: "Au ni mkono wa mtu?" Akiondoka huyo, huja mwingine na habari za mganga anayemwamini, na wa tatu anataka kujua kama umeoa na kama watoto wako ni wazima. Yote hayo husemwa mbele ya abiria waliotega masikio, kwa mtu anayewahi kazini. Na ukiwa na mwenzako, mara nyingi huulizwa yeye: "Huyu ana tatizo gani?", ilhali wewe umesimama hapo na unasikia kila neno.

Najua nitajibiwa kwamba sisi watu wa pwani tunajuliana hali, na kwamba asiyeuliza huonekana ana kiburi. Hoja hiyo ninaiheshimu. Lakini kujuliana hali kwetu kuna taratibu zake. Mkubwa huamkiwa shikamoo, huulizwa habari za nyumbani, naye ndiye huamua kama atasema zaidi ya "nzuri". Hakuna mwenye adabu anayekutana sokoni na mama asiyemjua akamuuliza kwa nini aliachika. Ajabu ni kwamba mtu yule yule anayeiona talaka kuwa siri ya nyumba, humuuliza mama huyo huyo kilichoupata mguu wake, tena kabla hajamwamkia. Huo ni udadisi, na anayeugharamia ni yule anayelazimika kusimulia upya siku iliyokuwa mbaya kuliko zote maishani mwake, ili mpita njia aridhike.

Kwa ndugu zetu wenye ualbino jambo hili lina uzito zaidi. Katika nchi ambayo watu wameuawa na wengine kukatwa viungo kwa sababu ya imani za kishirikina, mgeni anayewauliza wanaishi wapi, wanaishi na nani na hurudi nyumbani saa ngapi, hata akiwa na nia safi kabisa, huwatia hofu ambayo yeye mwenyewe haioni.

Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unazitaka nchi, katika ibara ya 22, zilinde faragha ya taarifa za afya zao sawasawa na za watu wengine. Masharti haya hayamfuati abiria kituoni, lakini yanatuonyesha kwamba tunachokidai si upendeleo.

Yapo maswali ya halali. Karani wa sensa ya mwaka 2022 aliuliza habari za ulemavu, lakini aliuliza kila kaya, na alifungwa na wajibu wa kutunza siri. Mwalimu naye hana haja ya kujua jina la ugonjwa wa macho ya mwanafunzi. Anahitaji kujua kama ubao unaonekana kutoka dawati la mbele. Na mtoto mdogo akiniuliza kwa sauti, tafadhali msimfinye, maana atajifunza kwamba mguu wangu ni aibu. Mwacheni, nikipenda nitamjibu.

Kwa makondakta, ambao nimefurahi kuwaona hapa, ombi langu ni hili: gari lisimame kabisa, mniulize "nikusaidieje?", kisha msubiri nijibu kabla ya kunishika, kwa sababu anayenivuta mkono wenye gongo ananiondolea mhimili nilioegemea, nami huanguka.